Jinsi Tulivyojifunza Kuitunza Motokari ya Misioni

Wengi kati yenu mmekwisha kutuona siku ya Jumamosi nyuma ya nyumba ya mapadri, tumelala chali, miguu tu ikitokea chini ya motokari. Tena tumesikia mnayoyasema. Wengine huuliza kwa kucheka: "Mwalimu wa dini amekuwa fundi tangu lini?" Wengine huona haya kwa ajili yetu, maana mtu aliyekula ugali wa seminari miaka tisa, akasoma Kilatini na falsafa, haimpasi kuwa na grisi mpaka viwikoni. Leo tunataka kuwajibu. Na ndani ya jibu hilo imo habari moja ambayo watu wa vikanisa vya mbali waliisikia nusu tu, na nusu ile waliyoisikia haikuwa kweli. Tuliahidi kuiandika nzima, basi tunaiandika.

Mtuvumilie kwanza kwa neno dogo. Tukisema "sisi" hapa, ni mtu mmoja tu mwenye mikono miwili. Zamani tulifundishwa kwamba anayeandika "mimi, mimi" huchosha watu.

Motokari yenyewe mnaijua: ile Toyota Land Cruiser nyeupe, aina ya HZJ75, iliyotoka kiwandani mwaka 1993. Ilifika kwetu mwaka 2016, mapadri wazee waliokuwa nayo walipofunga nyumba yao. Weupe wake ulikuwa umegeuka wekundu kwa vumbi la Katanga, mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba, na saa ya kuhesabu kilomita ilikuwa imekufa kwenye 387,412. Imetembea kiasi gani tangu hapo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini motere ilikuwa nzima. Motere ya aina hiyo huitwa 1HZ: silinda sita, lita 4.2, hunywa mazuti, na haina haraka. Wenye motokari mpya hutupita barabarani wakipiga honi. Kwenye matope ya mwezi wa pili tunawakuta.

Kwa miaka miwili tulikuwa shofere tu. Kila motokari ilipokohoa, tuliipeleka kwa garaji moja ya mjini, ambayo hatutaitaja jina, maana kosa kubwa lilikuwa letu: hatukujua kuuliza. Fundi alifungua kifuniko, akatikisa kichwa, akataja bei. Sisi nasi tukatikisa kichwa, kana kwamba tumeelewa. Siku moja tulilipa dola 280 kwa ajili ya "pompi ya mazuti". Fedha hizo Wakristu walikuwa wamezitoa kwa mabati ya kikanisa, na mabati yakangoja mwaka mzima.

Ndipo ukaja usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2018. Tuliitwa kijiji kimoja upande wa Kambove, tumpeleke mama mjamzito hospitali ya Likasi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi na mtoto haji. Katikati ya njia motere ikapungukiwa nguvu, ikatetemeka, ikanyamaza. Tukageuza ufunguo: motere ilizunguka vizuri, lakini moto haukushika. Tukageuza na kugeuza mpaka bateri zikachoka. Tukafungua kifuniko, tukamulika kwa taa ya simu, tukatazama. Tulitazama tu! Tulikuwa na macho mazima na hatukuona kitu, kama asiyejua kusoma aliyepewa kitabu. Palikuwa na mabomba, nyaya, buloni, na hatukujua hata kimoja kina kazi gani. Bibi aliyemsindikiza mgonjwa akaja kusimama kando yetu, akatazama motere pamoja nasi kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Mwalimu, unatafuta nini humo?"

Hatukuwa na jibu.

Mtoto alizaliwa palepale njiani kabla ya kucha, kwa mikono ya bibi yule, chini ya turubai. Wote wawili walipona. Mtoto sasa anasoma, na watu wa kijiji wanamwita Toyota, ingawa Toyota haikumsaidia lolote.

Asubuhi alipita mzee mmoja akisukuma baiskeli iliyopakiwa makaa. Alisimama, akatusalimu, akauliza jambo moja tu: "Taa ya filtri iliwaka?" Iliwaka siku nne. Tulidhani ni taa kama taa nyingine. Mzee akainama, akafungua kibomba kidogo chini ya filtri ya mazuti, na kilichotoka kilikuwa maji, kikombe kizima. Kisha akaweka kiganja juu ya filtri, pale palipo na kitufe cha kupompia, akapompa mpaka kikawa kigumu. Alichukua kle namba 17 kutoka mfukoni mwa koti lake, akalegeza nati za mabomba yanayopeleka mazuti kwenye silinda, akatuambia tugeuze ufunguo kidogo. Yakatoka mapovu kama ya sabuni, halafu mazuti matupu. Akakaza. Vijana wakaisukuma motokari kwenye mteremko, ikawaka. Kazi yote haikufika nusu saa. Hapo tulianza kufikiri juu ya zile dola 280, maana ugonjwa wa mwaka uliotangulia ulikuwa uleule.

Mzee alikataa fedha. Aliomba tu tumbebee makaa yake mpaka mjini.

Huyo ndiye mwalimu wetu. Jina lake hataki liandikwe. Alikuwa fundi katika karakana za Gécamines pale Panda, mjini Likasi. Aliingia kijana mwaka 1976, akatoka mwaka 2003, mwaka ule wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni walipoacha kazi pamoja kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Tulipomwomba atufundishe, alitutazama mikono akacheka. Mikono yetu ilikuwa laini kama ya karani. "Nitakufundisha," akasema, "lakini wewe umesoma sana, utataka kujua haraka."

Wiki tatu hakuturuhusu kushika kle. Kila asubuhi kabla ya Misa tulitakiwa kutazama motokari kabla haijawashwa, na kumweleza jioni tulichokiona. Kwanza chini yake: je, kuna tone? Tone la rangi gani? Mafuta meusi mazito yametoka kwenye motere. Mazuti hunuka, huhitaji kuuliza. Tone jepesi, la rangi ya asali, upande wa ndani wa gurudumu, hilo ni la freni, nalo usilale nalo usiku hata mmoja. Halafu mafuta ya motere: uyapime motokari ikiwa imesimama mahali sawa, na motere imepoa. Tulimwambia kwa hofu kwamba mafuta mapya tuliyotia juzi yamekwisha kuwa meusi. Alisema ndiyo tabia ya motere ya mazuti, mafuta yanafanya kazi ya kufagia. Cha kuogopa ni mafuta yaliyogeuka kama kahawa yenye maziwa: hapo maji yameingia mahali yasipoitwa.

Radiateri tulijifunza kwa kuungua kidole. Tulijua tangu shuleni kwamba maji huchemka kwenye digrii 100, tukasahau kwamba nchi yetu iko juu. Hapa kwetu, zaidi ya metre 1,200 juu ya bahari, maji katika sufuria huchemka karibu na digrii 96. Ndani ya radiateri, kifuniko kinayabana yasichemke hata yakipita kiasi hicho. Ukikifungua wakati wa moto, maji yote yanachemka kwa mara moja na kukurukia usoni. Tulimweleza Mzee sababu hiyo vizuri sana, na kidole chetu kimefungwa kitambaa.

Vumbi nalo ni adui mkubwa. Filtri ya hewa ya motokari yetu, ukiitoa mwezi wa nane, ina udongo wa kutosha kupanda mchicha. Tulikuwa tukiipulizia hewa kwa nje, tukifurahi kuona vumbi linaruka. Mzee alitukataza. Hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kufuata njia vumbi lilikoingilia. Ukipuliza kwa nje unalisukuma vumbi lizidi kuzama.

Lakini somo tulilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la pompi ya baiskeli. Tulimwuliza jinsi motere ya mazuti inavyowasha moto, na haina buji za cheche kama ya esansi. Hakujibu. Alichukua pompi ya baiskeli yake, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akatuambia tusukume kwa nguvu, mara nyingi. "Shika sasa." Bomba lilikuwa la moto. Hewa ikibanwa hupata joto, na ndani ya silinda hubanwa zaidi ya mara 20, mpaka mazuti yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Baadaye tulisoma kwamba Rudolf Diesel, fundi Mjerumani, ndiye aliyeifanya motere ya kwanza ya namna hiyo itembee vizuri, pale Augsburg mwaka 1897. Mzee alikuwa hamjui Diesel wa vitabuni, lakini alijua kazi yake.

"Sasa tia maji ndani ya pompi," akasema, "uzibe tena, usukume." Tukasukuma: hakuna kilichosogea, mkono ukauma. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Basi, ndiyo maana hewa ikiingia katika mabomba ya mazuti motere inakufa: pompi inasukuma, hewa inajikunja kama sifongo, na mazuti hayafiki. Tulilala usiku huo na furaha kama mtoto. Katika vitabu vyetu vyote hakuna aliyekuwa ametuonyesha jambo kwa namna ya kutuunguza kidole na kutufurahisha pamoja.

Polepole tukapewa kle. Tulianza kumwaga mafuta ya motere wenyewe, karibu lita kumi kila mara, na kuandika tarehe katika daftari. Tulitia grisi kwenye mihimili inayozungusha magurudumu, kila baada ya safari ya matope. Ule mkanda wa meno ulio mbele ya motere, ambao unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, hakuna mtu aliyejua umri wake. Ukikatika, pistoni na supapi zinagongana na motere imekwisha. Tuliubadilisha pamoja na Mzee kwa siku mbili, tukaandika mwaka kwa rangi juu ya kifuniko: 2020. Gharama za garaji ziliposomwa katika baraza la parokia mwisho wa mwaka, Padri Mkubwa alidhani tumesahau ukurasa.

Hapo ndipo moyo wetu ulipoanza kuvimba. Watu walituletea motokari zao tuzisikilize. Tuliweka ncha ya turnevisi ndefu juu ya motere na mpini wake sikioni, kama daktari, na uso wetu ukawa uso wa daktari. Mzee alituona siku moja tukifanya hivyo mbele ya watu. Hakusema kitu. Jioni tu aliongeza neno: "Freni usishike bila mimi."

Mwezi wa saba mwaka 2021, siku ya Alhamisi, tuliona tone la rangi ya asali kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Jumapili ilikuwa sikukuu ya kikanisa kimoja cha mbali, na watoto wa kwaya walikuwa wamejiandaa miezi miwili. Mzee alikuwa Kolwezi kwenye matanga ya ndugu yake. Tungeweza kumpigia simu. Tungeweza kukodi motokari nyingine. Tulisema moyoni: tumekwisha kumwona akifanya, ni silinda ndogo tu yenye vikombe viwili vya mpira.

Mahali hapa neno "sisi" lisimfiche mtu. Aliyefanya ni mmoja.

Tulinunua vikombe vipya sokoni. Tulipandisha gurudumu kwa kriki, tukaweka vigogo chini kama tulivyofundishwa, tukatoa ngoma, tukafungua silinda. Tulipanga kila kipande kwenye kitambaa kwa taratibu yake. Kisha tukaosha vyote kwa mazuti, pamoja na vikombe vile vipya, maana kila kitu tulichowahi kufungua na Mzee tulikiosha kwa mazuti: gia, minyororo, buloni. Tulivifuta vikang'aa. Tukafunga. Mama wa nyumba yetu akakanyaga pedali, sisi tukatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Tuliizungusha motokari uwanjani mara tatu, ikasimama vizuri kila mara. Usiku ule tulilala tukijisifu.

Jumapili tulipakia watoto kumi na wanne na mama wawili. Mnaijua njia ile: baada ya shamba la mihogo inashuka, inapinda, tena inashuka mpaka daraja la miti. Tulipokanyaga freni kwenye mteremko wa kwanza, zilishika, lakini tulisikia harufu ya kuungua na tukadhani ni moto wa shambani. Kwenye mteremko wa pili tukakanyaga, na pedali ikazama karibu kufika chini. Motokari ikapungua kidogo tu. Tukarudisha gia mpaka ya pili, motere ikapiga kelele. Tukavuta freni ya mkono: haikushika kitu. Nyuma watoto walikuwa wakiimba bado. Daraja tuliliona, nalo lilikuwa jembamba, na kandokando yake hapana kitu.

Kabla ya daraja, upande wa kuume, kipo kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, kama vilivyo vingi katika misitu yetu. Tuliielekeza motokari huko. Ilipanda ubavu wa kichuguu, ikasugua, ikainama, ikasimama. Wimbo ukakatika. Kwa muda kulikuwa kimya, halafu kilio cha mtoto mmoja, halafu vya wote.

Walikuwa wazima. Msichana mmoja alichubuka mkono, na mvulana mmoja, wa miaka tisa, alipoteza jino la mbele. Tulilitafuta jino lile katika udongo kwa muda mrefu, hatujui kwa nini. Hatukuliona.

Watu waliofika walituona tumekaa chini tunatetemeka, wakasikia kwa watoto jinsi motokari ilivyoelekezwa kwenye kichuguu isitumbukie mtoni. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kila kijiji: katekista ameokoa watoto kumi na wanne.

Mzee alirudi Jumatano. Tulimsimulia. Alitoa ngoma mwenyewe. Ndani mlikuwa mmelowa mafuta ya freni, garnitiri zimelowa nazo, na ndiyo maana freni ya mkono, ambayo hubana vipande hivyohivyo, haikufaa kitu. Akafungua silinda. Vikombe vya mpira vilikuwa vimevimba kama maharagwe yaliyolala majini, kimoja kimechanika. Aliviweka kiganjani mwake, akavitazama, kisha akaviweka kiganjani mwetu.

"Mwalimu, uliviosha kwa nini?"

"Kwa mazuti, Mzee."

Alikaa juu ya kigogo. Hakugomba, na ingefaa agombe. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mpira wa freni hauvumilii mazuti, wala esansi, wala mafuta ya motere, hata yale yanayobaki kwenye kitambaa. Huvimba, hukwama ndani ya silinda, garnitiri zinasugua bila kuachia, joto linapanda, mpira unachanika. Huoshwa kwa mafuta ya freni peke yake, kutoka chupa iliyokuwa imefungwa, maana mafuta hayo nayo yakikaa wazi hunywa maji ya hewani. Magurudumu ya mbele yana bomba lao, ndiyo yaliyotupunguzia mwendo kidogo. Kisha akasimama akapangusa mikono. "Gurudumu nimelifungua mimi," akasema. "Mdomo ni wako."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Padri Mkubwa alitusimamisha mbele ya watu wote akatushukuru. Mama wakapiga vigelegele. Mama wa mvulana yule wa jino akaja mbele na jogoo mwekundu, akatupa kwa mikono miwili na kupiga magoti. Tulimpokea. Tulisema asante. Tungeweza kusema neno lingine palepale, na midomo yetu imezoea kusema mbele ya watu, lakini siku hiyo ilisema asante tu.

Jogoo tulimfunga uwanjani. Hatukumchinja. Kila alfajiri aliwika, na katekista hahitaji kuelezwa na mtu jogoo anasema nini. Mama wa nyumba yetu alivumilia siku kumi, kisha akauliza: "Huyu tunamla lini?" Tukamweleza. Alinyamaza, akaenda kumpa jogoo maji.

Tulikwenda kwa Padri Mkubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Mzee anajua, akakaa kitambo. Halafu akasema: "Waliambiwa uongo mbele ya wote. Waambiwe kweli mbele ya wote." Hakutuongezea maneno, ila alituhurumia kwa macho.

Jumapili hiyo tulisimama mahali palepale. Tulieleza habari ya tone, na simu ambayo hatukupiga, na mazuti, na vikombe viwili. Tulikuwa tumevileta katika bahasha, tukavionyesha. Tuliwaahidi pia kuiandika habari hii, ili na vikanisa vya mbali viisome. Hapakuwa na vigelegele. Baba mmoja mwenye watoto wawili kwenye kwaya alitoka nje kabla ya baraka, na kwa miezi kadhaa hakutusalimu. Hatukumlaumu. Baraza la parokia liliamua watoto wasipande tena motokari hiyo mpaka fundi mwingine aikague, tukaona ni haki.

Alasiri tulimrudishia mama yule jogoo wake. Tulidhani atakataa, kama desturi, na tulikuwa tumekwisha kutayarisha maneno ya kumbembeleza. Alimpokea. "Jogoo nilimpa mtu mwingine," akasema, akamfungua kamba, akamwachia uwanjani kwake.

Mzee akatuambia tununue silinda mpya, vikombe vipya, garnitiri mpya, na chupa ya mafuta ya freni isiyofunguliwa. Tulizilipa kutoka mshahara wetu kwa miezi mitatu. Jumamosi ya kazi tulikuwa tumeanza tu kupandisha gurudumu, tukamwona mama yule anaingia uwanja wa misioni na mwanawe, na kiti chake cha miti mkononi. Alikiweka hatua chache kutoka kwetu, akakaa. Hakutusalimu sana. Alitazama kila tulichofanya. Tulipofungua kitambaa, aliuliza: "Kitambaa hicho kilifutia nini jana?" Mzee alicheka mpaka akakohoa, akasema huyu mama angefaa kuwa kapita wa karakana. Tukaleta kitambaa kipya. Tulipofungua chupa aliomba aione, akainusa, akatazama kizibo kama kweli kimevunjwa sasa hivi, akaturudishia.

Saa tisa ikafika wakati wa kutoa hewa, na kazi hiyo inahitaji mtu wa kukanyaga pedali. Mama wa nyumba yetu alikuwa sokoni. Mzee akamtazama mvulana, sisi tukamtazama mama. Alifikiri kidogo, akampa mwanawe ishara kwa kidevu. Mvulana akapanda, akajisogeza mpaka ukingoni mwa kiti, miguu yake ikafika kwa shida. Sisi tukaingia chini na kle na bomba dogo, ambalo ncha yake nyingine ilizama katika chupa.

"Kanyaga," tukasema.

"Nimekanyaga."

"Shika, usiachie."

"Nimeshika," akajibu, na ile *s* ikapita kwenye pengo la jino kama filimbi.

Tukalegeza nati. Mapovu yakatoka, matatu, manne. Tukakaza.

"Achia. Kanyaga tena."